Kable haikukatwa: siku nne za studio ya Tunda bila mtandao

TUNDA, Maniema – Kompyuta ya studio ilirudi kutoka Kindu Jumatatu saa nane mchana, imefungwa kwa kikwembe ndani ya gunia, nyuma ya pikipiki ya kijana mwenye vumbi jekundu hadi kwenye kope. Ilikuwa imekaa kwa fundi wiki tatu. Watu wa parsele za jirani walitoka kuitazama ikifunguliwa kana kwamba ni mgonjwa anayerudishwa nyumbani. Ikawashwa, ikawaka. Picha ikaja, sauti ikaja, mkurugenzi akapiga makofi. Kisha mtangazaji kijana, ambaye pia ndiye fundi wa vyombo kwa sababu hakuna mwingine, akachomeka kable ya mtandao na kungoja.

Hakuna kilichopita.

Kwa msikilizaji aliye mbali, mashine moja kukosa mtandao ni jambo dogo. Tunda, huku magharibi ya Kibombo, si dogo. Tangu Goma ilipoanguka Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, familia nyingi za Kivu zimeingia Maniema. Wengi walibaki Kindu. Wengine wakaendelea mbele, kwa miguu na kwa pikipiki, wakifuata shemeji, mjomba, au mtu waliyesoma naye, na wachache wakafika hadi hapa. Mtaani wanaitwa badeplase. Kila jioni studio hupokea kutoka Kindu orodha ya majina ya watu wanaotafutana, pamoja na sauti fupi zilizorekodiwa: mimi ni mtoto wa fulani, niko mahali fulani, mama asinitafute tena Bukavu. Saa moja ya jioni zinasomwa na kupigwa hewani. Kwa kipindi hicho kuna watu wanaolipa faranga za kuchaji bateri ya redio kabla ya kununua chumvi.

Wiki tatu nzima waliambiwa: ngojeni, mashine ikirudi. Sasa ilikuwa imerudi.

Iliharibiwa na radi. Usiku mmoja wa mvua umeme ulishuka karibu na pano za jua, ukafuata waya hadi studioni, na mashine ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua. Mama mmoja wa Kabare, ambaye analala kwenye baraza la nyumba ya jirani pamoja na watoto wa nduguye, hakushangaa. Kwao Kabare radi ni kama jirani mkorofi. Uchunguzi wa setilaiti uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare, Kivu Kusini, mbele ya mahali pengine pote Afrika kwa wingi wa radi. Yeye hakuhitaji setilaiti kumwambia.

Kuhusu kable yenyewe. Chumba chenye ruta na parabola kiko kando, kama meta arobaini kutoka studio. Kable imetoka huko, ikapita chini ya mapaa ya nyumba mbili, na kwa kipande kirefu imening'inia mbele ya lile baraza ambako badeplase wamelala tangu walipofika. Mtu mwenye akili akiona waya uliovutwa vizuri mbele ya mlango wake, na ana nguo mbichi za watoto watano, anafanya nini? Anaanika. Vikwembe, suruali, hata blanketi moja zito la msaada. Kijana wa miaka kumi na minne, mtoto wa nduguye yule mama, ndiye aliyekuwa akipanda juu ya kiti kuanika na kuanua.

Kwa hiyo Jumatatu jioni, kabla hata mtangazaji hajainama chini ya meza, kesi ilikuwa imekwisha kukatwa. Ni wale watoto. Wamevuta kable hadi imekatika ndani. Jirani mmoja alimwona kijana juu ya kiti Jumapili. Mwingine aliona msumari umepinda. Mkurugenzi, ambaye kwa kawaida ni mtu mpole na ndiye aliyewapa ruhusa ya kukaa pale, alisema mbele ya wote kwamba kama kable imekufa, baraza litabidi liachwe wazi, na kable mpya italipwa na aliyeiharibu. Rola ya kable inatoka Kindu. Na ilikuwa katikati ya mvua.

Yule kijana alikuwa amesimama pale pale na ndoo mkononi. Hakujibu.

Usiku mtangazaji alirudi peke yake na tochi. Nyuma ya kompyuta, pale kable inapoingia, kuna taa mbili ndogo kuliko punje ya mchele. Ya kijani ilikuwa inawaka bila kutikisika. Ya rangi ya chungwa ilikuwa inapepesa. Taa hizo zina maana rahisi: upande huu wa waya umemsikia mtu wa upande ule. Kama kable ingekuwa imekatika kabisa, zisingewaka.

Asubuhi alimwonyesha mkurugenzi.

"Papa Direkta, angalia taa. Kable iko muzima."

"Taa inaweza kudanganya," mkurugenzi akasema. "Hata ya pikipiki yangu inawaka, lakini pikipiki haitembei."

Watu walicheka, lakini hakukosea sana. Ndani ya kable ya namna hii kuna nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili. Mtandao wa kasi ya kawaida unatumia nne tu, ile ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita. Uzi mmoja ukiwa umeshikilia kwa unywele, taa zinaweza kuwaka na habari zisipite, au zipite kwa kigugumizi. Taa ni shahidi mzuri, lakini shahidi mmoja hatoshi mbele ya watu ambao wamekwisha kuamua.

Jumanne yote ilikwenda kwenye waya. Mtangazaji aliutembelea kutoka ruta hadi studio, vidole juu ya ngozi yake, akitafuta mahali palipobonyea au kuvimba. Karibu na baraza alipata msumari uliopinda na mchubuko wa urefu wa kucha. Nyuzi za ndani hazikuonekana. Lakini habari ya mchubuko ilifika sokoni kabla yeye hajashuka kwenye kiti, na jioni ile kijana wa Kabare alizunguka njia ya mbali kwenda kuchota maji ili asipite uwanjani.

Kuna jambo moja hapa ambalo mafundi wengi wachanga wasingelifanya, au tuseme wasingejizuia kulifanya. Kila mtu alimshauri akate kichwa cha kable na kufunga kipya. Vichwa alikuwa navyo viwili tu, na koleo la kubana. Alikataa. Ukikata kabla ya kupima, ukaharibu wewe mwenyewe, hutajua tena ugonjwa ulikuwa wa nani. Alitaka kwanza kompyuta nyingine, nzima, ichomekwe kwenye kable ile ile, mwisho ule ule. Kama itapita, kable haina kosa. Kama haitapita, basi akate.

Kompyuta nyingine ya kuaminika ilikuwa moja: ya mkononi, ya muuguzi msimamizi. Tunda ni mojawapo ya zone 18 za afya za Maniema, na ripoti za wagonjwa hutumwa kwa mashine hiyo. Muuguzi alikuwa ametoka kuzungukia vituo vya afya. Angerudi Jumatano. Fundi wa Kindu naye alipigiwa simu Jumatatu na Jumanne, kutoka kilima cha nyuma ambako simu hukamata rezo, lakini hakupatikana.

Jumatano saa tano asubuhi muuguzi alifika, viatu vimejaa matope, akasema bateri yake imebaki kidogo na ana nusu saa tu. Mtangazaji aliomba mkurugenzi awepo, na wale majirani wa msumari pia. Akachomoa kable kwenye kompyuta ya studio, bila kugusa kitu kingine, akaichomeka kwenye ile ya muuguzi.

Ikapita. Barua za muuguzi za siku nne zikaingia zote kwa pamoja.

"Basi, papa. Kable haikukatwa."

Mkurugenzi alitazama skrini kwa muda, akamwomba muuguzi afungue ukurasa mwingine ahakikishe. Ukafunguka. Majirani walitawanyika polepole, baadhi yao wakionekana kama watu walionyimwa kitu. Mtoto mdogo alikimbia barazani kupeleka habari, na mama wa Kabare akasikika akipiga kigelegele kifupi, kimoja tu, kisha akanyamaza, labda akikumbuka kwamba yeye ni mgeni.

Katika nusu saa ile mtangazaji alifanya mambo mawili. Alipakua orodha ya majina ya siku hiyo, ambayo ni nyepesi. Sauti ni nzito, hazikumaliza kushuka. Jambo la pili linataka maelezo kidogo.

Kama kable ni nzima, ugonjwa uko ndani ya kompyuta. Alipofungua orodha ya vifaa vyake alikuta kadi ya mtandao imewekewa alama ya manjano. Yaani kadi ipo, lakini kompyuta haijui kuongea nayo. Kila kadi inahitaji programu yake ndogo, ambayo huku mafundi wanaiita piloti. Fundi wa Kindu alikuwa ameweka Windows upya, na piloti ya kadi hii haikuwekwa. Hapo ndipo wengi wanapokwama: unahitaji mtandao kupata piloti, na unahitaji piloti kupata mtandao. Lakini hata kadi isiyo na piloti hutaja ukoo wake kwa herufi na tarakimu. Alizisoma akaziandika kwa kalamu kwenye kiganja: 10EC, halafu 8168. Ile ya kwanza ni namba ya kampuni ya Realtek, ya pili ni aina ya kadi. Akaitafuta piloti hiyo kwa mashine ya muuguzi, akaiweka kwenye flashi, na muuguzi akafunga mashine yake ikiwa imebakiza bateri ya dakika chache.

Piloti ilikubali. Alama ya manjano ikatoka. Mtangazaji akachomeka kable, na safari hii kompyuta ikaonyesha kwamba inaiona.

Lakini bado hakuna kilichopita.

Jioni alisoma majina ya Jumatano kwenye karatasi, bila sauti. Watu walisikiliza. Baada ya kipindi wazee wawili walifika mlangoni kuuliza kama sauti za wenyewe zitakuja. Mtu anaweza kuandika jina la mtu aliyekufa, mmoja alisema. Sauti ni kitu kingine.

Wakati huo lawama zilikuwa zimehama. Sasa mkosaji alikuwa fundi wa Kindu. Ameiba kadi nzuri, ameweka mbovu. Inafaa kusema wazi kwamba watu walimpata mkosaji wa pili kwa kasi ile ile waliyompata wa kwanza, na kwa ushahidi ule ule.

Usiku mama wa Kabare alikuja na karanga za kukaanga kwenye sahani, kushukuru. Alimkuta mtangazaji ameinamia skrini. Kompyuta ilikuwa imejipa anwani inayoanza na 169.254. Alimweleza kwa sauti, kama mtu anayejisemea mwenyewe. Kila mashine ikifika kwenye mtandao huomba anwani kwa ruta, kama mgeni anayepita kwanza kwa chifu. Ikingoja na kukosa jibu, inajiandikia anwani yenyewe, na za kujiandikia huanza hivyo. Anwani hiyo haimtoi mtu nje ya kijiji. Kwa hiyo kompyuta inaongea, kable inabeba, lakini ruta haitaki kujibu. Ya muuguzi iliijibu. Hii haijibu. Kwa nini?

Mama alimenya karanga.

"Njo ile ile tu, mutoto wangu. Pa Kindu tulifika na jeto mpya, wakasema jina haliko ku liste. Mutu ni yule yule. Karatasi njo ingine."

Mtangazaji aliacha kutafuna. Kisha akainuka kwenda kutafuta daftari.

Mwaka uliopita, parabola ilipowekwa, simu za vijana zilikuwa zinamaliza mega za mwezi mzima kwa wiki moja. Mtu aliyekuja kuweka ruta aliifunga: mashine nne tu ndizo zitakazopewa anwani, na nyingine yoyote isijibiwe. Hizo nne hazijulikani kwa jina la mwenye mashine. Zinajulikana kwa namba ya kadi, ile ambayo kadi huzaliwa nayo kiwandani, tarakimu na herufi kumi na mbili kwa jozi sita. Ziliandikwa kwenye daftari la shule, ukurasa wa mwisho, pamoja na neno la siri la ruta. Ya studio ilikuwa ya kwanza. Aliilinganisha na ile ambayo kompyuta ilikuwa inaonyesha sasa. Hata jozi tatu za mwanzo, ambazo hutaja kiwanda, hazikufanana.

Alipanda kilimani gizani. Safari hii fundi alipokea, na hakukasirika. Alisema ndiyo, pleti kubwa ya ndani, ile inayobeba vyote pamoja na kadi ya mtandao, iliungua kwa radi, haikutengenezeka. Alitoa nyingine kwenye mashine iliyokufa skrini, akaifunga. Bei aliyotoza ilikuwa ya kazi tu. Na aliandika yote kwenye karatasi, akaibandika ndani ya katoni. Katoni lakini haikufika. Kijana wa pikipiki aliiacha Kindu kwa sababu gunia linafungika vizuri zaidi.

Kwa hiyo hakukuwa na mwizi, wala aliyevuta waya. Kulikuwa na karatasi moja iliyobaki kwenye katoni.

Alhamisi asubuhi kuingiza namba mpya kwenye ruta kulichukua dakika tano. Anwani ikatolewa. Mkurugenzi, ambaye sasa alikuwa ameketi pale tangu saa moja, akauliza kama inaweza kufunguliwa. Ukurasa wa kwanza ukakataa. Wa pili ukakataa. Maandishi yalisema tovuti hazina usalama, vyeti vyake si halali. Kwa dakika kadhaa hapakuwa na aliyezungumza.

Ilikuwa saa. Kompyuta ilidhani ni Januari 2013. Kwenye pleti ile ya mashine iliyokufa kulikuwa na kibetri cha mviringo, kama sarafu, ambacho hutunza saa wakati mashine imezimwa, na kibetri kilikuwa kimekwisha. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Kwa mashine inayoishi 2013, vyote hivyo bado havijaanza. Mtangazaji akaandika tarehe ya leo, na mtandao ukafunguka wote.

Faili zilishuka hadi mchana. Kipindi cha Alhamisi jioni kilipita saa yake ya kawaida, na hakuna aliyepiga mlango kulalamika. Barazani redio mbili ziliwekwa karibu karibu. Mzee mmoja alisikia sauti ya binti yake, akiwa Kalima, akisema amejifungua. Alimwomba jirani amrudilie maneno, kwa sababu alikuwa ameanza kulia kabla ya jina la mtoto.

Mama wa Kabare anamtafuta mwanawe mkubwa, waliyepotezana Kamituga. Hakuwemo. Aliacha redio ikilia hadi kipindi cha kilimo, kisha akaizima ili kutunza bateri.

Ijumaa mkurugenzi alirudi kutoka sokoni na kamba ya nailoni. Hakuzungumzia Jumatatu. Alimwita kijana amshikie ngazi, wakapandisha kable juu kabisa chini ya paa, mahali ambapo hata mtu juu ya kiti hafiki, na kijana ndiye aliyepiga misumari. Kamba wakaifunga kutoka nguzo ya baraza hadi kwenye mti wa avoka. Kufika saa sita ilikuwa imejaa nguo.

Kibetri kipya kimeagizwa Kindu. Pano za jua huzimwa usiku, na kila asubuhi kompyuta inaamka tena Januari 2013. Kwenye skrini kuna karatasi iliyobandikwa: angalia tarehe kwanza.